Serikali Haina Mtani

Mwezi uliopita nilikabidhi ofisini funguo tatu, mhuri mmoja, kidau cha wino kilichokauka, na kiti ambacho mgongo wake ulivunjika kabla ya wangu. Nikatia saini kwamba nimekabidhi vyote. Kipo kitu kimoja sikukikabidhi, nacho nitakisema wakati wake ukifika. Ninyi vijana mliobaki pale, makarani na wakalimani wa korti ya watoto, mliniomba kwenye chai ya kuniaga nisimulie kazi ilivyokuwa. Najua mlikuwa mnangoja sambusa ziletwe. Lakini mimi ni mtu wa kuyachukua maneno kama yalivyosemwa, na mmesema nisimulie.

Vyeo na mishahara naviruka. Nilianza mkalimani, nikamaliza mkalimani mwandamizi, maana yake mkalimani mwenye mvi.

Nilikuja Dar es Salaam kutoka Muheza, Mbondei wa misheni, na Kiingereza cha kusomea Injili. Nikapata chumba Chang'ombe kwa mjane mmoja ambaye sharti lake lilikuwa nisipike samaki. Siku ya kwanza kazini niliwahi sana, nikamkuta mzee wa kanzu iliyopigwa pasi hadi ikawa na kingo, amekaa ngazini anakunywa kahawa. Huyo ndiye Mzee Feruzi, mkalimani mkuu, mtu wa pwani tangu babu zake. Nikamwamkia. Akaniitikia, akanitazama viatu, akaniuliza kama nimekuja kufanya kazi au kuoa.

Kesi yangu ya kwanza ilikuwa ya mtoto aliyekutwa juu ya mnazi wa watu. Hakimu akamsomea shitaka, mimi nikalitafsiri vizuri, mtoto akaangua kilio. Hakimu akanigeukia kusubiri. Nami sikujua kilio kwa Kiingereza kinasemwaje. Nikamtazama Mzee Feruzi.

"Kilio hakitafsiriwi," akaninong'oneza. "Masikio anayo mwenyewe."

Tulipotoka akanipa somo ambalo nimelishika hadi mwezi uliopita. "Sikia, bwana mdogo. Mkalimani ni mlango. Mlango hauulizi anayepita kabeba nini. Usitie chumvi, usipunguze. Siku utakayotia chumvi, utafungwa weye badala ya mwizi." Lilikuwa somo zuri sana. Nitaeleza baadaye lilimgharimu nani.

Vyombo vyetu vya kazi havikuwa vingi. Msahafu ulifungwa kwa kitambaa cha kijani na mwenye udhu tu ndiye aliyeushika. Biblia ilikuwa imepoteza jalada la mbele, ikaanzia kwenye gharika. Kulikuwa na rejista kubwa ya kuinuliwa na watu wawili, na nyuma ya mlango zilining'inia henzirani mbili za kuchapia: nyembamba ya watoto, na nene ya watoto wakubwa. Kabla ya kiboko ilibidi daktari ampime mtoto athibitishe kwamba ana afya ya kuchapwa. Serikali yetu ina huruma, haimpigi mtoto mgonjwa. Nimemwona mmoja aliyekuwa na homa akapewa kwinini, akalishwa uji siku nne, akapona kabisa, akachapwa.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa umri. Sheria ilitaka kujua mtoto ana miaka mingapi, na mama yake alijua kazaliwa mwaka wa nzige. Nzige wenyewe walikuja zaidi ya mara moja. Hapo tunamwambia mtoto apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la pili, kama wafanyavyo shuleni. Mkono ukifika, ni mkubwa. Watoto wa Temeke wakaijua hesabu hiyo mapema kuliko sisi, wakawa wanakunja bega. Nimeona vijana wenye sharubu wakishindwa kabisa kufikia masikio yao, na hakimu akiandika kwa uchungu juu ya lishe duni ya wenyeji.

Kisha ikaja amri kwamba watoto wasishitakiwe pamoja na wakubwa, bali katika korti yao wenyewe, mahali patakapowatuliza nyoyo. Tulitii siku ileile. Tukasogeza meza karibu na dirisha.

Kabla sijafika kwenye kesi niliyokusudia, niwape moja ndogo, maana ilinifungua macho. Watoto watatu walikamatwa pamoja katika shamba la minazi la Mwarabu mmoja huko nyuma ya Temeke. Wa kwanza mtoto wa duka, Mhindi. Wa pili mtoto wa mwalimu, Mkristo kutoka bara. Wa tatu Mzaramo wa papo hapo. Madafu yalikuwa yaleyale na kisu kimoja. Kwa mtoto wa duka walikuja wazee wanne wa jamaa yao na gari, wakasema maneno machache kwa upole, na jioni yake mtoto alikuwa njiani kwenda kukaa na ami yake Bagamoyo; jina lake halikuingia hata kwenye rejista. Kwa mtoto wa mwalimu ilikuja barua ya padri, kwa Kiingereza chenye nukta zake zote. Akaonywa, akaenda kuungama. Kwa yule Mzaramo walikuja mjomba wake na wazee wa mtaa pamoja na mwenye shamba mwenyewe, wakasema wamekwisha kukaa, mtoto kapigwa bakora na mwalimu wake wa chuo, jogoo wamechinjwa, fatiha imesomwa, na mwenye shamba kala paja. Wakauliza, kesi gani tena imebaki?

Hakimu akasema hayo ni mambo mazuri ya kienyeji, ila haki lazima itendeke. Viboko sita. Mtoto yule ndiye peke yake kati ya watatu aliyekwisha kuadhibiwa, akaadhibiwa tena.

Sasa mje kwa Bwana Fomu.

Alitufikia baada ya vita, kijana mwenye pua iliyobabuka jua, ametumwa kuangalia ustawi wa watoto. Jina lake la haki silitaji. Fomu aliyokuja nayo ilikuwa na kurasa sita, na ndiyo iliyompa jina. Hakuwa mtu mbaya, naapa. Aliwapenda watoto wetu kama mtu anavyompenda mgonjwa ambaye hakuombwa kumtibu. Alikuwa anaandika taarifa kubwa ya kulinganisha uhalifu wa watoto wa kila taifa hapa mjini, na akachora jedwali: Waafrika, Waarabu, Wahindi, Wazungu. Mimi nilipewa kazi ya kujaza. Safu ya Waafrika ilijaa ikabidi tuunganishe karatasi kwa gundi. Ya Wazungu ilibaki nyeupe.

"Nao?" nikamuuliza, kwa adabu.

"Hawana kesi," akasema.

Nikamkumbusha habari ya mtoto wa bwana mkubwa mmoja aliyevunja taa tano za barabarani kwa manati, akamtoboa bata wa jirani. Bwana Fomu akacheka kwa furaha. Yule alikuwa mchangamfu tu, akasema, na amepelekwa shule Uingereza. Basi nikajifunza. Mtoto wetu akipelekwa shule ya mbali kwa kuvunja taa, hiyo ni adhabu. Mtoto wao akipelekwa, hiyo ni shule.

Shule ya kwetu nayo ilikuwa bara, mwendo wa siku mbili kwa garimoshi. Kwenye karatasi iliitwa Shule ya Kurekebisha Tabia. Mitaani iliitwa jela ya watoto, na mama akisikia mtoto wake anapelekwa huko hulia kama aliyeambiwa gereza la Ukonga.

Temeke palikuwa na mzee wa Kinyamwezi akiitwa Mihayo. Alikuwa kuli bandarini hadi bega lake la kulia likashuka, kisha akakaa nyumbani akiuza mkaa. Alikuwa na mwavuli mweusi wa mpini wa mfupa, alioachiwa na nahodha mmoja, na hakutoka bila huo, jua wala mvua. Jirani yake alikaa Bi Mwajuma, mjane wa Kizaramo, mkaanga vitumbua, pamoja na mwanawe Saidi wa miaka kama kumi na mitatu kwa hesabu ya nzige.

Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Ninyi mnajua, lakini naandika kwa sababu mmoja wenu juzi aliniambia utani ni kuchekeshana. La. Babu zao walikutana kwenye misafara, wakashibishana na kuzikana njiani, na tangu hapo mmoja humwita mwenzake mtumwa wake na humchukulia kitu bila kuomba. Akifiwa, mtani ndiye huja kuchimba kaburi, kubeba jeneza, kumkejeli maiti mpaka mjane acheke katikati ya kilio. Na kwa kazi hiyo hunyakua kitu cha wafiwa akaondoka nacho, nao hukikomboa kwa maneno na kuku. Msiba usionyakuliwa kitu ni msiba uliosuswa.

Basi kaka yake Mzee Mihayo akafa. Babu yake Saidi, aliyekuwa mtani mkubwa wa nyumba ile, alikuwa amekwisha kufa, mjomba wake yuko Kilwa, hivyo zamu ikamwangukia mtoto. Wakubwa walimcheka, lakini aliifanya kazi yake kiume. Aliteka maji, akabeba udongo, akalala chini kwenye mkeka akamwigiza marehemu anavyokoroma, hata wajane wakajishika mbavu. Kisha akauchukua mwavuli wa Mzee Mihayo ukutani, akaufungua, akatoka nao barabarani jua la saa sita akitangaza: "Mtumwa wangu kafa, na huyu mwingine kabakiza siku mbili! Mwavuli kaniusia mie!"

Mzee Mihayo alifurahi kupita kiasi. Kwa siku tatu Temeke nzima ilimwona Saidi akipita na ule mwavuli, amevaa msuli, akiitikia salamu kwa sauti ya kizee. Mtani hakubali kushindwa, ndiyo kanuni. Mzee akafikiri namna ya kumjibu itakayosimuliwa mpaka Vingunguti. Akaenda kituo cha polisi, akasimama mlangoni, akasema kwa sauti: "Nimeibiwa! Mwizi wangu yule pale anapita, mkamateni, mtumwa mkubwa yule!"

Angekuwa pale askari yeyote wa pwani angetoka, angemkamata Saidi sikio, angemzungusha mara mbili, wote wangecheka na kunywa kahawa. Ndivyo ilivyokuwa siku zote. Lakini siku ile zamu ilikuwa ya askari mgeni, kijana mwema kutoka kando ya ziwa huko, ana wiki ya pili mjini, na ana hamu ya kazi. Alifungua kitabu. Akaandika.

Na kikishaandikwa, ninyi mnajua.

Mzee Mihayo alicheka njia nzima hadi nyumbani. Akaagiza kuku akamatwe, maana jioni mtani wake atakuja kuomba msamaha. Jioni hakuja mtu. Asubuhi Bi Mwajuma alisimama mlangoni kwake na kanga imemwanguka begani.

"Mjomba, mwanangu kalala ndani, polisi. Umefanya nini?"

Mzee alikwenda kituoni mbio na bega lake bovu, akaeleza. Wakamwambia kesi si yake tena, sasa ni ya Mfalme. Mfalme mwenyewe, kwa nijuavyo, alikuwa Uingereza na hakuwa na habari kwamba ameibiwa mwavuli.

Bwana Fomu alikwenda kumhoji Bi Mwajuma na kurasa zake sita, nami nikatafsiri. Baba yupo? Amekufa. Mtoto analala kitanda cha peke yake? Analala na binamu zake wanne. Anakula saa ngapi? Kikiiva. Nani humwadhibu? "Mtaa mzima, bwana, hata weye ukitaka." Bwana Fomu aliandika kwa huzuni kwamba mtoto hana mwangalizi. Nilitafsiri kila neno sawasawa, na kila neno lililokwenda lilikuwa kweli, na taarifa iliyotoka ilikuwa uongo mtupu. Naye, kwa nia njema kabisa, akapendekeza ile shule ya bara, ambako kungekuwa na kitanda.

Siku ya kesi mwavuli ulilazwa mezani na kipande cha karatasi kimefungwa kwenye mpini. Saidi alisimama wima. Hakuwa na hofu hata kidogo, maana alimwona mtani wake amekaa pale, akajua mchezo unaendelea. Alichoshangaa ni jinsi mzee alivyojitahidi safari hii, kakodisha hadi Mzungu.

Hakimu akauliza, uliuchukua mwavuli huu?

"Ndiyo, bwana."

Uliomba ruhusa?

"Siombi ruhusa mie. Yule mtumwa wangu, bwana. Kitu chake changu."

Nikatafsiri. Mlango hauulizi. Hakimu akaweka kalamu chini, akawa mwekundu kuanzia shingoni. Akatoa hotuba ndefu kwamba utumwa umepigwa marufuku katika nchi hii, tena na Waingereza, na kwamba inasikitisha kuona mawazo hayo yangali yanakaa katika kichwa cha mtoto. Nikaitafsiri hotuba yote. Saidi akamtazama Mzee Mihayo kwa kuvutiwa.

Mzee akasimama. "Kweli, bwana, mtumwa wake mie. Na yeye mtumwa wangu. Sie watani."

Hakimu akanigeukia. "Watani ni nini?"

Hapa ndipo, vijana. Swali lilikuwa langu, la kwangu mwenyewe, si la kupitisha. Kinywani nilikuwa na misafara, na makaburi, na wajane wanaocheka, na kuku aliyekuwa amefungwa miguu kule Temeke akingoja. Hakimu alitazama saa yake. Bwana Fomu alikuwa ameinua kalamu. Nami nikamkumbuka Mzee Feruzi na chumvi yake, nikasema: "Ni desturi ya mzaha kati ya kabila na kabila, bwana." Nikanyamaza.

Hakimu akaandika kwamba mshitakiwa amekiri kuwafanyia mzaha wafiwa.

Niliogopa. Nasema waziwazi, kwa sababu nimesikia mnavyonisifu kwamba katika miaka yote ile sikutia neno langu. Ndiyo, sikutia. Kuna siku moja lilitakiwa, na nililimeza, na lingali hapa.

Viboko sita, na miaka mitatu ya shule. Nilipomwambia Saidi, alicheka. Kisha akamgeukia Mzee Mihayo kuona kama naye anacheka.

Mzee alikuwa amekwisha kufika mbele ya meza. "Nilikuwa namtania, bwana! Nilikwenda polisi kumtania! Nifungeni mie, mie ndiye niliyeanza!" Nikatafsiri. Hakimu akauliza kama mzee anakiri kwamba alitoa taarifa ya uongo polisi, kwa kuwa hilo nalo ni kosa. Nikatafsiri hilo pia. Bi Mwajuma akamvuta mzee kanzu kwa nyuma.

"Kaa, mjomba. Watakufunga na weye. Kaa, nakuomba."

Akakaa. Daktari akathibitisha kwamba Saidi ana afya njema. Katika taarifa ya Bwana Fomu kesi ile ilipewa ukurasa wake, chini ya kichwa cha wizi unaofanyika misibani, aina mpya ya uhalifu isiyopata kuonekana kwa mataifa mengine.

Mwavuli ulitakiwa urudi kwa mwenyewe. Mzee Mihayo alikuja kaunta, nikampa kitabu atie dole gumba.

"Imeandikwaje hapo?"

Nikamsomea: mimi niliyeibiwa mwavuli, nimeupokea.

"Sikuibiwa," akasema, akaondoka.

Kila mwaka alikuja mara moja, masika ikianza. "Mwavuli wangu upo?" Upo, mzee, tia dole hapa. "Imeandikwaje?" Ileile, mzee. "Basi sikuibiwa." Akatoka nje kwenye mvua na kichwa chake cheupe. Niliwahi kumwomba bosi tuandike maneno mengine. Akaniambia fomu ni moja kwa nchi nzima. Mwavuli ukakaa stoo, rafu ya pili, kati ya panga na redio isiyo na matumbo.

Katika miaka hiyo mzee alimwezekea Bi Mwajuma paa mara mbili na kumpelekea mkaa wa vitumbua. Mimi nami nikawa nakwenda kula vitumbua kila Jumapili baada ya ibada, kutoka Chang'ombe hadi Temeke kwa miguu, na kama mngemuuliza mke wangu angewaambia sipendi vitumbua. Bi Mwajuma alinihudumia vizuri. Hakunitajia kesi hata siku moja, na ningependa angenitukana.

Saidi akarudi. Nilikuwapo, ilikuwa Jumapili. Mzee Mihayo alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na kikaango tangu alfajiri, na alikuwa amejiandaa. Miaka mitatu ya matusi alikuwa nayo kifuani. Kijana akatokea barabarani, mrefu, kaptula yenye mkunjo, cheti cha useremala mkononi.

"Karibu, mtumwa wangu!" mzee akapaza sauti. "Walikulisha nini huko, mbona shingo kama kuku wa mdondo?"

Saidi akasimama, visigino pamoja, mikono nyuma. "Shikamoo, mzee."

"Shikamoo ya nini?" akasema mzee. "Nitukane, bwana! Miaka mitatu nakungoja!"

"Samahani, mzee."

Mzee Mihayo akasema marahaba, polepole, maana shikamoo haiachwi bila kuitikiwa. Akanyanyuka akaenda zake. Bi Mwajuma aligeuza vitumbua vilivyokwisha kuungua.

Bwana Fomu alipiga naye picha kabla hajarudi kwao. Saidi alikuwa mfano. Alipata kazi katika karakana ya samani Chang'ombe, hachelewi, halewi, haazimi hata patasi ya mwenzake mpaka amwandikie. Watoto wengine waliotoka shule ile walirudi wakijua kufungua kufuli za aina zote, na hao tuliwaona tena kortini na walitupa kazi nyingi. Lakini Saidi alirekebishwa, na huo mnaoambiwa ni ushindi, basi uko pale unaranda mbao.

Siku yangu ya mwisho ofisini niliingia stoo na ufunguo wangu, nikauchukua mwavuli. Sikutia saini popote. Karibu miaka thelathini nimetafsiri maneno ya wezi, na siku hiyo nikaona ilivyo rahisi. Unatia kwapani, unaaga watu. Nilikusudia kumpelekea Mzee Mihayo siku ya pili. Malaria ikaniangusha. Nilipopata nafuu nikasikia amefariki.

Nilikwenda na mwavuli wenyewe nimeuviringisha kwenye gazeti. Manyunyu yalikuwa yakianguka. Uani walikaa wazee wa Kinyamwezi kwenye mikeka, kimya, na jeneza liko tayari, na hapana aliyeondoka. Walikuwa wanamngoja mtani. Saidi alikuwapo tangu asubuhi. Alikuwa amechonga ubao wa kaburi kwa mkono wake, kazi safi mno, amechimba pamoja na wengine, na sasa amesimama kando ya mlango, mikono nyuma.

Mjane wa Mzee Mihayo akatoka akamwendea Saidi. "Mtani," akasema, "mbona hutuchekeshi? Chukua kitu, mwanangu. Chochote. Mzee apate kwenda."

Saidi akatazama chini. "Sichukui kitu cha mtu, mama. Nilishafundishwa."

Yule mama akarudi ndani, na kilio kilichotoka humo hakikuwa na mtu wa kukikata.

Nikamsogelea. Nikararua lile gazeti, nikamnyooshea mwavuli, mpini mbele, na kile kipande cha karatasi cha kortini kingali kimening'inia. Nilitaka kumwambia yote niliyomeza siku ile. Nikaweza kusema tu: "Saidi, chukua. Huu ni wako, alikuachia."

Aliutambua. Niliona mkono wake wa kulia ukitoka nyuma ya mgongo, ukafika nusu ya njia. Kisha ukarudi.

"Una karatasi kwamba kaniachia, mzee?"

Sikuwa nayo. Tukasimama wote wawili kwenye manyunyu, mwavuli umefungwa, mpaka wakambeba.